Fergus Suter: Beki Aliyelipwa Wakati Malipo Yalikuwa Mwiko

Ukimuuliza mpenzi wa historia ya soka ni nani aliyekuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa, jina litakalomtoka haraka ni Fergus Suter, mwashi wa Glasgow aliyehamia Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1878. Jibu hilo limezoeleka, lakini ukilifuatilia linakuponyoka mkononi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa na mshahara uliopangwa. Yupo Mskoti mwenzake aliyevuka mpaka kufuata pesa za mpira miaka miwili kabla yake. Na soka la kulipwa liliporuhusiwa rasmi, Julai 1885, Suter alikuwa na umri wa miaka 27 na tayari ameshacheza fainali tatu za Kombe la FA, kombe la chama cha soka cha Uingereza.

Nionavyo, kasoro iko kwenye swali. "Wa kwanza" ni neno la kwenye daftari la usajili, na miaka ya Suter haikuwa na daftari. Kulikuwa na pesa zilizopita chini kwa chini, klabu zilizokana, chama kilichofumba jicho moja, na wachezaji waliobebeshwa lawama. Maisha ya beki huyu yanaonyesha hali hiyo ilivyoendeshwa siku hadi siku, na kwa sababu hiyo anastahili kukumbukwa hata kama taji la "wa kwanza" si lake.

Alizaliwa Glasgow tarehe 21 Novemba 1857, akajifunza uashi wa mawe. Mpira aliuchezea Partick, klabu ya magharibi mwa jiji ambayo isichanganywe na Partick Thistle ya leo. Eneo lenyewe lina historia yake. Tarehe 30 Novemba 1872, siku tisa baada ya Suter kutimiza miaka 15, kwenye uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent, hapohapo Partick, ilichezwa mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi: Uskoti na Uingereza, 0-0. Waingereza walikuja na mtindo wao, ambapo mtu anauchukua mpira na kuukokota mpaka anyang'anywe, wenzake wakimfuata nyuma kuuwahi utakapomtoka. Waskoti, ambao siku hiyo wote walitoka klabu ya Queen's Park, walikuwa wepesi wa maumbo kuliko wageni wao. Kupambana nao kifua kwa kifua kungekuwa kujiumiza bure, kwa hiyo wakagawana mpira.

Kugawana huko ndiko kulikokuja kuwa bidhaa ya Uskoti. Vijana wa rika la Suter walikulia ndani ya mchezo wa pasi kama mtoto anavyokulia ndani ya lugha ya nyumbani, na walipoanza kushuka kusini Waingereza wakawaita "maprofesa wa Kiskoti". Klabu za Lancashire zilikuwa zinatafuta miguu yao, lakini pia zilitaka kujifunza namna yao ya kucheza.

Hapa inafaa kueleza kidogo kazi ya beki ilikuwaje, kwa sababu beki wa leo angeitazama na kustaajabu. Timu ilipanga mabeki wawili, viungo wawili na washambuliaji sita. Watu wawili, basi, walilinda upana wote wa uwanja. Lango halikuwa na nyavu, na penalti haikuwepo mpaka mwaka 1891. Hata mtambaa wa panya haukulazimishwa kuwa wa mbao mpaka 1882. Kabla ya hapo utepe uliofungwa kati ya nguzo mbili ulitosha. Kipa aliruhusiwa kupigwa kikumbo, kwa hiyo beki alimlinda kipa wake kama alivyolilinda lango lenyewe.

Sheria ya kuotea nayo ilikuwa tofauti. Ili mshambuliaji asihesabiwe kuwa ameotea, ilimbidi awe na wapinzani watatu mbele yake. Fikiria maana yake: kipa mmoja na mabeki wawili ni watatu kamili. Beki mmoja akipanda hatua chache na kumwacha mshambuliaji nyuma yake, wamebaki wawili tu, na mshambuliaji ameshaotea. Mabeki wawili waliozoeana wangeweza kuifunga timu nzima kwa hatua zao, mmoja akipanda, mwenzake akibaki. Wasiozoeana walibutua tu, wakaomba upepo uwe upande wao. Kuelewana huko hakupatikani kwa mtu anayegusa mpira mara moja kwa wiki baada ya kushinda siku nzima akigonga mawe. Kulihitaji muda, na muda wa mfanyakazi una bei.

Jiwe gumu la Lancashire

Partick walisafiri kwenda Darwen kucheza mechi ya Mwaka Mpya wa 1878. Darwen ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, uliojaa wafumaji na wasokotaji ambao kwa sheria za viwanda walikuwa wameshapata mapumziko ya Jumamosi mchana. Jumamosi mchana, pamoja na senti chache mfukoni, ndiyo iliyoujaza uwanja. Watu wakalipa viingilio, viingilio vikampa mhazini kitu cha kugawa, na timu iliyoshinda ikavuta watu zaidi Jumamosi iliyofuata.

Kisha tarehe 2 Oktoba 1878 Benki ya Jiji la Glasgow ikaanguka. Wenye hisa walifilisika, mikopo ikakauka, na sekta ya ujenzi ikapata pigo. Kwa mwashi kijana wa Glasgow, Lancashire ilikuwa na sababu mbili za kuendea, kazi na mpira. Kabla mwaka haujaisha Suter alikuwa akichezea Darwen, alikomkuta Mskoti mwenzake, Jimmy Love, mshambuliaji waliyecheza naye Partick.

Alianza kwa kufanya kazi yake ya uashi, lakini haikuchukua muda akaiacha. Sababu aliyoitoa ni kwamba jiwe la Uingereza ni gumu kuliko la Uskoti, linamvimbisha mikono. Sababu hiyo imewachekesha wengi tangu wakati huo, ila mimi naitazama kwa jicho jingine. Mtu aliyekatazwa kusema ukweli hulazimika kutafuta la kusema. Kila mtu Darwen alijua kijana huyu anaishi bila kugonga jiwe, na kila mtu alijua chakula chake kinatoka wapi.

Miaka mingi baada ya kustaafu Suter alieleza utaratibu wenyewe. Mshahara maalumu haukuwepo. Mchezaji alikwenda kumwona mhazini kila haja ilipomkabili. Pengine wiki tatu zilipita bila kupata kitu, kisha akaomba £10, na hakuwahi kunyimwa. Kwa mfumaji aliyehesabu ujira wake wa wiki kwa shilingi, £10 zilikuwa jasho la majuma mengi. Hata hivyo, angalia upande wa pili wa mpango huo. Mchezaji hakuwa na karatasi wala haki ya kudai. Akivunjika mguu, mhazini angeweza kusema hamfahamu. Klabu ilinufaika kwa usiri kuliko yeye.

Nani alitangulia?

Sasa turudi kwenye lile taji. Mwaka 1876 Mskoti aitwaye James Lang alikwenda Sheffield kuchezea klabu ya Wednesday. Lang alikuwa amepoteza jicho moja katika ajali kwenye kiwanda cha kuunda meli, siri aliyoificha vizuri. Huko Sheffield alipewa kazi ya jina kwenye kiwanda cha visu cha mtu wa klabu, na mwenyewe hakuficha uzeeni kwamba hakuvuka mpaka ili acheze bure. Kwa kipimo cha nani alipokea pesa kwanza, Lang anamtangulia Suter kwa miaka miwili. Love naye alitangulia kufika Darwen.

Mbona basi jina lililobaki ni la Suter? Sababu moja ni umri wa safari yake uwanjani. Love aliondoka kwenye soka mapema, akajiunga na wanajeshi wa majini wa Uingereza, na akafia Misri mwaka 1882. Lang alikuwa mchezaji wa miaka ya 1870. Suter alibaki kwenye timu kubwa kwa karibu miaka kumi, akacheza fainali moja baada ya nyingine huku ugomvi wa malipo ukipamba moto, na kila aliyetaka mfano wa Mskoti aliyenunuliwa alimnyooshea kidole. Sababu nyingine ni kwamba Lang angalau alikuwa na kazi ya kujifichia. Suter aliweka patasi chini na kuishi kwa mpira mtupu, mbele ya macho ya watu. Ukiniuliza mimi, huo ndio mpaka wenye maana kati ya mchezaji anayefaidika na mpira na mchezaji ambaye mpira ndiyo kazi yake.

Msimu wake wa kwanza Darwen ulitikisa nchi. Timu ya mji wa pamba ilifika robo fainali ya Kombe la FA, ikapangiwa Old Etonians, waliosoma shule ya Eton, wana wa matajiri na watawala. Mechi ilichezwa Kennington Oval, London, tarehe 13 Februari 1879. Zikiwa zimebaki kama dakika 15, Darwen walikuwa nyuma 5-1. Wakafunga manne, 5-5. Wapinzani wao wakakataa kucheza muda wa nyongeza. Marudiano nayo yakawa London, 2-2, na ya tatu vilevile London, ambapo Darwen walichoka, wakafungwa 6-2. Hesabu safari hizo: watu wa viwandani wanasafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda tu, mara tatu, kwa nauli iliyochangwa mjini, huku kila safari ikiwakata siku za kazi. Mpinzani wao hakupoteza ujira wa siku hata moja, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulipwa kwa siku. Ukilielewa hilo, utaelewa soka la ridhaa lilikuwa la nani. Lilikuwa la watu wenye nafasi, kisha likaitwa la watu wenye heshima.

Old Etonians walikwenda mbele wakachukua kombe mwaka huo. Suter na Darwen wakarudi nyumbani mashujaa.

Kuhama kwa chuki

Mwaka 1880 Suter alivuka maili chache kwenda Blackburn Rovers. Leo tungesema ni uhamisho, lakini uhamisho haukuwepo, kwa kuwa kisheria hakuna aliyekuwa ameajiriwa. Darwen waliamini amenunuliwa. Rovers walikana. Uhasama kati ya miji hiyo miwili, ambao tayari ulikuwepo, ukawa mchungu hasa, na tangu hapo kila Darwen na Blackburn walipokutana, Suter alikuwa msaliti kwa upande mmoja na hazina kwa upande wa pili. Mashabiki wa mchangani wana neno lao kwa mchezaji wa namna hiyo: mamluki. Neno kali, ila linamwangukia aliyepokea na kumwacha aliyetoa.

Rovers walikuwa wameanza kukusanya Waskoti. Hugh McIntyre alitoka Rangers, akacheza beki sambamba na Suter. Jimmy Douglas alitoka Renfrew. Msimu wa 1881-82 waliingia fainali ya Kombe la FA wakiwa hawajafungwa katika mechi 35. Tarehe 25 Machi 1882, Oval, wapinzani walikuwa walewale Old Etonians. Walifungwa 1-0, bao la William Anderson. Nahodha wa Old Etonians, Arthur Kinnaird, aliyekuwa akitwaa kombe hilo kwa mara ya tano, alisimama kichwa chini miguu juu mbele ya jukwaa kwa furaha.

Mchukue Kinnaird umweke kando ya Suter. Kinnaird alizaliwa London, akasoma Eton, akawa mtu wa benki. Kwa kuwa ukoo wake ni wa makabaila wa Uskoti, mwaka 1873 aliichezea Uskoti dhidi ya Uingereza. Suter, mwana wa Glasgow aliyeanzia mpira kwenye eneo lilikochezwa mechi ya kwanza ya kimataifa, hakuwahi kuichezea Uskoti hata mara moja. Mchezaji mwenzake wa Rovers, James Forrest, mzaliwa wa Blackburn, aliichezea timu ya taifa ya Uingereza. Nikisoma habari zake, jambo hili hunikera kuliko yote. Uskoti ilikataa kuwaita walioondoka kwenda kucheza kusini, na chama chake cha soka kiliandika orodha ndefu ya majina ya wachezaji walioko Uingereza ili wasicheze tena nyumbani bila ruhusa maalumu. Mlango haukufunguliwa mpaka mwaka 1896, walipoitwa kwa mara ya kwanza wachezaji wa klabu za Uingereza, na Uskoti ikaifunga Uingereza 2-1. Suter alikuwa na miaka 38.

Kuna kosa moja la kusahihisha, la kudhani kwamba Suter ndiye aliyewanyang'anya mabwana wa kusini kombe, kwa sababu tamthilia ya televisheni ya mwaka 2020 imelieneza. Timu ya kwanza ya wafanyakazi kuwatoa mabwana wa kusini kwenye fainali ni Blackburn Olympic, iliyowafunga Old Etonians 2-1 katika muda wa nyongeza mwaka 1883. Olympic na Rovers zilikuwa klabu mbili tofauti za mji mmoja. Suter hakucheza mechi hiyo, na kombe lile si lake.

Ya kwake yalianza mwaka uliofuata. Mwaka 1884 Rovers waliifunga Queen's Park 2-1. Mwaka 1885 wakakutana tena na Queen's Park, wakashinda 2-0. Ilikuwa fainali ya ajabu kwa Suter, mtu wa Glasgow akiilinda timu ya Lancashire dhidi ya klabu kongwe ya Glasgow, ile iliyouanzisha mchezo wa pasi na kuushikilia uridhaa kama imani. Mwaka 1886 walitoka 0-0 na West Bromwich Albion pale Oval, kisha wakashinda 2-0 katika marudiano yaliyopigwa Derby, fainali ya kwanza kuamuliwa nje ya London. Makombe matatu mfululizo. Rovers walizawadiwa ngao ya fedha.

Sheria ilifikaje?

Baina ya fainali hizo kulikuwa na vita nyingine ofisini. Mwaka 1882 FA ilipiga marufuku malipo yoyote yanayozidi gharama halisi na ujira uliopotea. Mwishoni mwa 1883 Accrington walifukuzwa chamani kwa kumvuta mchezaji kwa pesa. Januari 1884 Preston North End walitoka sare na Upton Park ya London katika Kombe la FA, Upton Park wakalalamika kwamba Preston wanalipa wachezaji. Kila klabu iliyoshtakiwa ilikuwa imezoea kukana. William Sudell, meneja wa kiwanda cha pamba aliyeiongoza Preston, hakukana. Alikubali kwamba wachezaji wametoka mbali na wametafutiwa kazi nzuri, akasema Preston si peke yao. Wakaondolewa kwenye mashindano.

Lakini alichokisema hakikuweza kurudishwa mdomoni. Vuli ya 1884 klabu za kaskazini zilitishia kujitenga na kuunda chama chao, British Football Association, na FA ikajikuta ikitazama uwezekano wa kubaki na shule na jeshi tu. Tarehe 20 Julai 1885 ikaruhusu malipo. Masharti yaliandamana na ruhusa hiyo: mchezaji wa kulipwa asajiliwe kila mwaka, asikae kwenye kamati yoyote ya chama, na ili acheze Kombe la FA awe amezaliwa au ameishi kwa miaka miwili ndani ya maili sita za uwanja au makao makuu ya klabu yake. Suter alikuwa ameshaishi na kucheza Blackburn miaka mitano. Sharti lililowekwa kuwazuia watu wa namna yake halikumgusa, na ndiyo maana yumo kwenye fainali ya 1886, safari hii bila kujificha.

Uskoti ilichelewa zaidi. Mwaka 1887 iliziondoa klabu zake kwenye Kombe la FA, na soka la kulipwa haikuliruhusu mpaka 1893. Katika miaka hiyo yote kijana wa Glasgow aliyetaka kula kwa mpira hakuwa na njia ila ile aliyoipita Suter.

Mwaka 1888 ligi ya kwanza duniani ikaanza, klabu 12, wazo la William McGregor, Mskoti mwenye duka Birmingham. Rovers walikuwemo. Ligi hiyo ilizaliwa kwa sababu mishahara inayolipwa hadharani inahitaji mechi zilizopangwa hadharani, viingilio vya uhakika kila wiki badala ya mechi za kirafiki zinazoweza kufutwa asubuhi. Suter, ambaye miguu yake ilikuwa miongoni mwa iliyolazimisha mageuzi hayo, aliicheza mara moja tu. Tarehe 22 Desemba 1888 Rovers walikuwa ugenini kwa West Bromwich Albion, na beki huyu wa fainali nne alipangwa golini. Wakafungwa 2-1.

Baadaye aliendesha hoteli ya Millstone, pale Darwen, mji alioanzia na kuuhama kwa chuki. Alifariki Blackpool tarehe 31 Julai 1916, akiwa na miaka 58. Ligi ilikuwa imesimamishwa mwaka mmoja kabla kwa sababu ya vita, na Jumamosi hizo hakuna mchezaji yeyote Uingereza aliyekuwa akipokea mshahara wa ligi.